Pua, jicho la samaki au fundo la neva: mada ipi ipelekwe kwenye maonyesho ya sayansi?

Makundi matatu ya wanafunzi wangu wa kidato cha tano hapa Ujiji yamenijia na swali moja, kila kundi kwa mlango wake. Seli za neva za hisi, yaani zile zinazopeleka kwenye ubongo habari za harufu, mwanga, mguso na maumivu, huongezeka idadi baada ya kiumbe kuzaliwa? Au kila mmoja huja duniani na mgao wake, akaondoka nao ukiwa umepungua?

Kundi la kwanza linataka kujibu kwa pua. La pili, lenye kijana wa Kibirizi aliyekulia kwenye mitumbwi, linataka jicho la samaki wa Ziwa Tanganyika. La tatu linaongozwa na binti mpenda ubishi, nalo limechagua kitu ambacho wenzao wengi hawakuwahi kukisikia: mafundo ya neva yaliyojipanga pembeni mwa uti wa mgongo. Klabu yetu ina nafasi moja tu kwenye maonyesho.

Ulinganisho huu nimewaandikia wao, ila mwalimu wa Kasulu au Tabora mwenye wanafunzi wa namna hii naye ale humo. Niseme mapema ninakoegemea: kwa shule kama yetu, jicho la samaki. Moyoni mwangu lakini naipenda mada ya tatu, na mtaona imenisumbua.

Tunahesabu nini hasa?

Rasimu zote tatu zilikuwa na kosa moja. Neno "kuongezeka" lilibebeshwa mambo matatu yasiyofanana.

Chukua shule yenye wanafunzi 600. Kila mwaka kidato cha nne wanaondoka, kidato cha kwanza wanaingia. Januari utaona sura mpya tele, lakini ukiita majina ni 600 tena. Hapo wamepokezana nafasi tu. Shule ikijenga madarasa, ikaandikisha zaidi na kufika 900, hapo ndipo imeongezeka. Sasa kuna hali ya tatu. Tuseme mhesabuji anasimama getini na kuhesabu sare tu. Wako watoto walioandikishwa tangu mwanzo ila sare zao hazijashonwa, hivyo hawaoni. Mwezi unaofuata wamevaa, daftari lake linaonyesha ongezeko, na hakuna mtoto hata mmoja mpya aliyeingia.

Pua kwa sehemu kubwa ni hali ya kwanza. Jicho la samaki ni ya pili bila shaka. Fundo la neva la panya linaangukia zaidi kwenye ya tatu, na ndiyo maana watu wazima wenye shahada zao wamebishana juu yake kwa miaka.

Pua

Juu kabisa ndani ya pua kuna utando mdogo wenye mamilioni ya seli za neva. Kila seli imetoa kichwa chake chenye vinyweleo kwenye ute, na mkia wake unapita kwenye mfupa uliotobolewa kama chekeche hadi kwenye ubongo. Ni mahali pachache mwilini ambapo neva yenyewe inakutana uso kwa uso na hewa ya nje: moshi wa kuni, vumbi la kiangazi, mafua ya kila msimu. Haishangazi kwamba hazidumu. Chini ya utando huohuo zipo seli za msingi zinazogawanyika na kutoa neva mpya, kwa mtoto na kwa mtu mzima. Pasquale Graziadei na wenzake huko Florida walilieleza jambo hili kwa kina katika miaka ya 1970, wakati ambapo vitabu vingi vilifundisha kwamba neva ikifa basi imekwenda.

Kundi la pua lina hazina nyingine. Mwaka 1991 Linda Buck na Richard Axel walichapisha ugunduzi wa jeni za vipokezi vya harufu, na mwaka 2004 wakapewa Tuzo ya Nobel. Panya ana jeni za aina hiyo takriban 1,000 zinazofanya kazi, binadamu karibu 400. Kwa kawaida kila seli huchagua kipokezi kimoja, kisha inapeleka mkia wake mahali palepale wanapokwenda wenzake wa kipokezi hicho. Maana yake seli mpya haipewi tu nafasi ya marehemu, inabidi ijue na njia ya kufika. Hiki ni kisa kizuri cha kusimulia mbele ya watu.

Na watu watasikiliza, kwa sababu wengi wanakumbuka siku za korona ambapo mtu alipika dagaa jikoni asisikie harufu. Hapa ndipo nilipowazuia. Rasimu yao ilisema virusi viliua neva za pua, neva zikazaliwa upya, harufu ikarudi. Utafiti umeonyesha kwamba walioshambuliwa zaidi ni seli walezi zilizo kando ya neva, na neva zikayumba kwa kukosa walezi. Daktari mmoja akiwa kwenye meza ya majaji atawakamata hapo hapo.

Udhaifu wa pua kwa swali letu ni ule wa shule ya watoto 600. Ni kweli kwamba panya mchanga anapokua utando wake wa harufu hupanuka na neva zikazidi. Lakini habari kuu ya pua ya mtu mzima ni kufidia wanaokufa, na uzeeni hata fidia yenyewe inapungua. Jaribio walilolipanga, la kumfunga mtu kitambaa machoni na kumnusisha mawese, limao na karafuu, linapima kama anatambua harufu. Halihesabu seli yoyote.

Ulimi na sikio, kwa ufupi

Kila kundi lilitaka kuchomeka ulimi na sikio ili bango lijae. Nimekataa. Seli za kuonja ulimini hubadilishwa kila baada ya siku kumi hivi kwa wanyama waliopimwa, ila si neva. Ni seli za ngozi ya ulimi zilizojifunza kazi. Seli zenye vinyweleo za sikio la ndani nazo si neva kwa maana kamili. Binadamu huzaliwa na kama 15,000 katika kila sikio, na anayezipoteza kwa kelele za injini hapewi nyingine. Ndege wanapewa: mwaka 1988 makundi mawili ya watafiti yalionyesha ndege aliyeharibiwa sikio akizirudisha. Ni habari nzuri, lakini ni ya siku nyingine.

Jicho la samaki

Kijana wa Kibirizi alianza hivi: "Mwalimu, babu anasema samaki haachi kukua mpaka siku anayoingia wavuni." Nikamwambia babu yake ameshika mzizi wa jambo.

Mtu akifika utu uzima jicho lake limemaliza kukua. Retina, ule utando wa nyuma unaopokea mwanga, ilikamilisha idadi ya seli zake kabla hajazaliwa: kwa wastani seli fimbo zaidi ya milioni 90 kwa mwanga hafifu, na seli koni kati ya milioni 4 na 5 kwa rangi na maelezo madogo. Baada ya hapo jicho la mtoto hupanuka, seli husogea na kujipanga, ila kiwanda kimefungwa.

Kwa samaki kiwanda hakifungwi. Ukingoni mwa retina, pale inapokaribia kioo cha mbele, kuna pete ya seli changa zinazoendelea kugawanyika. Kila msimu pete hiyo inaongeza ukanda mpya wa retina, kama mti unavyoongeza duara chini ya gome. Sehemu kongwe ziko katikati, changa ziko pembeni. Hiyo ni njia ya kwanza. Ya pili ndiyo iliyonivutia: jicho likipanuka, retina ya zamani hutanuka, na seli zilizokuwa zimebanana huanza kuachana. Koni huachwa ziachane. Fimbo haziachwi. Seli changa zilizobaki ndani ya retina huzaa fimbo mpya na kuzichomeka katikati ya zile za zamani, ili kila eneo libaki na fimbo za kutosha kuona kwenye giza.

Nani aliliona hili? Mwaka 1981 P. R. Johns na Russell Fernald waliandika katika jarida la Nature juu ya kuzaliwa kwa fimbo kwenye retina ya samaki, na samaki mmoja aliyefanyiwa kazi hiyo ni Haplochromis burtoni, ambaye siku hizi huitwa Astatotilapia burtoni. Ni samaki mdogo wa pwani za Ziwa Tanganyika, anayekaa kwenye maji mafupi na midomo ya mito, na jike hubeba mayai kinywani. Niliposoma hilo darasani kulikuwa kimya, kisha mmoja akauliza, "Mwalimu, huyu si wa hapa hapa?" Wa hapa hapa. Amesafiri hadi maabara za Marekani na kuandikwa miaka zaidi ya arobaini iliyopita, na sisi tunaokaa ufukweni tunamfahamu kama samaki mdogo asiye na soko.

Kwa upande wa kazi ya mikono, jicho la samaki ni rahisi kupatikana na halidai kuua mnyama kwa ajili ya maonyesho. Samaki kashavuliwa, anakwenda kuliwa. Ukipasua jicho utatoa ile gololi ya kioo iliyo ngumu, kisha nyuma yake utando mwembamba unaojivua kama ngozi ya maziwa. Hadubini ya shule haitakuonyesha seli inayogawanyika, tusidanganyane. Kinachowezekana ni kupima: chukua migebuka, samaki wa ziwa letu, wa ukubwa mbalimbali, pima urefu wa mwili na upana wa jicho, chora grafu.

Halafu fanya hesabu ambayo majaji wanaweza kuifuata. Jicho la mm 5 likikua hadi mm 15, upana umezidi mara 3, hivyo eneo la retina limezidi takriban mara 9. Kama fimbo katika kila milimita ya mraba zimebaki zilezile, basi idadi yake imezidi mara 9 pia. Kipande cha kwanza wamekipima wenyewe. Kipande cha "kama" kinatoka kwa watafiti, tena kwa samaki wengine, si mgebuka. Nimewaambia waandike hivyo kwenye bango kwa herufi zinazosomeka, wasifiche pembeni.

Fundo la neva, na binti mpenda ubishi

Sasa tuje kwenye mada inayoninyima usingizi.

Pembeni mwa uti wa mgongo, kila pingili ina fundo kila upande. Ndani ya fundo mna neva za mguso, joto, maumivu na hali ya misuli. Kila seli imetuma tawi moja hadi kwenye ngozi au msuli, jingine ndani ya uti wa mgongo. Mtoto anapokua, unyayo wake unaongezeka ukubwa mara kadhaa. Nani anaihudumia ngozi hiyo mpya? Kuna majibu mawili. Ama zizaliwe neva zaidi, ama kila neva itanue matawi yake, kama balozi wa nyumba kumi anayejikuta ana nyumba thelathini na hakuna balozi mwenzake aliyechaguliwa.

Vitabu vya shule vinasema ni jibu la pili: neva hizi huzaliwa mimba ikiwa bado changa, basi. Lakini mwaka 1985 Marshall Devor na mwenzake huko Israeli waliandika kwamba panya mzima ana neva nyingi zaidi kwenye mafundo haya kuliko panya kijana. Wengine walihesabu wakapata, wengine wakakosa. Kwa chura habari ilikuwa nyepesi zaidi: mwaka 1994 Paul Farel wa Chuo Kikuu cha North Carolina na mwenzake walionyesha kwamba kwa yule chura mkubwa wa Marekani, idadi ya neva za hisi za mguu wa nyuma hupanda kadiri mwili unavyokua. (Chura na samaki walio wengi hawazaliwi, wanaanguliwa. Swali letu limeandikwa kwa lugha ya wanyonyeshao.)

Kwa nini panya mmoja ahesabiwe akatoa majibu mawili? Kwa sababu fundo halihesabiwi likiwa zima. Linakatwa vipande vyembamba, kila kipande kinawekwa chini ya hadubini, na mtu anahesabu anachokiona. Hapo ndipo mtego ulipo, nao unaweza kuonyeshwa kwa ugali.

Songa ugali mgumu. Zika ndani yake maharage 10 yaliyoiva, kila moja likichukua sentimita 1 kutoka juu hadi chini. Kwenye donge la pili zika nyanya chungu 10 zilizochemshwa, za sentimita 3. Acha vilale vipoe. Asubuhi kata madonge yote kwa uzi, kila kipande sentimita 1, kisha hesabu kila alama unayoiona katika kila kipande. Kwa wastani harage moja litaonekana kwenye vipande 2, nyanya chungu moja kwenye vipande 4. Donge la kwanza litakupa karibu 20, la pili karibu 40. Ukweli ni kwamba yote mawili yana 10.

Seli za panya mchanga ni maharage. Za panya mzima ni nyanya chungu. Ukihesabu alama tu, panya mzima atakuwa na neva zaidi hata kama hakuna iliyozaliwa. Mwaka 1946 Abercrombie alitoa kanuni ya kusahihisha: zidisha hesabu yako kwa unene wa kipande, gawanya kwa unene huo ukijumlisha na kimo cha kitu. Kwa maharage: 20 × 1 ÷ 2 = 10. Kwa nyanya chungu: 40 × 1 ÷ 4 = 10. Inafanya kazi, ilimradi kimo unakijua sawasawa na maumbo hayatofautiani sana, na seli hazina adabu hiyo.

Mwaka 1984 ikaja njia isiyojali kimo. Tazama vipande viwili vinavyofuatana, hesabu tu kile kilichomo kwenye cha kwanza na hakimo kwenye cha pili. Fikiria meli inayotoka Kigoma kuelekea kusini mwa ziwa. Ukihesabu abiria sitahani kila kituo, wa safari ndefu utawahesabu mara nyingi kuliko wa safari fupi. Kaa kwenye ngazi ya kushukia, hesabu wanaoshuka: kila mtu hushuka mara moja, awe katoka mbali au karibu. Mwandishi wa makala hiyo alijiita D. C. Sterio, jina la kubuni lililopatikana kwa kuzivuruga herufi za jina la njia yenyewe, disector. Binti yangu mpenda ubishi alifurahishwa na hilo kuliko kitu kingine chochote.

Mwaka 1997 Popken na Farel walilinganisha njia za kuhesabu kwa panya wachanga na wazima, na njia ya abiria wanaoshuka haikuonyesha ongezeko. Mwaka 2003 Farel akarudi na jambo la sare: sehemu ya ongezeko linaloonekana kwa panya wachanga inatokana na seli zinazochelewa kukomaa. Zilishazaliwa, zilikuwemo, ila hazikuwa bado na sura ambayo mhesabuji anaitambua kama neva.

Udhaifu wa mada hii kwa shule unaonekana wazi. Kukata fundo la panya kunahitaji mashine ya kukatia, rangi na hadubini tusizokuwa nazo, na sitaruhusu vyura wauawe ili tupate bango. Mtazamaji wa kawaida naye hajui fundo la neva ni nini. Dakika tatu za kwanza zitaishia kwenye utangulizi.

Uamuzi, na nilivyougeuza kidogo

Kama shule haina maabara kabisa na wasemaji wako ni hodari, chukua pua, lakini bango liseme "kubadilishwa". Kama uko Tabora na samaki wanaokufikia wamekaushwa, jicho halitakufaa isipokuwa upate samaki wabichi wa bwawa la Igombe. La sivyo pua tena. Kama una wanafunzi watano wanaopenda hesabu kuliko picha, fundo la neva litawapa raha ambayo hawataisahau.

Kwetu, jicho la samaki ndilo linalojibu swali lenyewe kwa neno "ndiyo", lina mnyama wa ziwa letu, na lina kitu cha kupima kwa mikono. Lakini nilipomaliza kuandika sehemu ya ugali niliona siwezi kuiacha. Jaji yeyote makini atauliza, "Mmejuaje zimeongezeka?" na jibu zuri kuliko yote liko kwenye sahani ya kundi la tatu. Kwa hiyo meza itakuwa na migebuka upande mmoja na madonge mawili ya ugali upande wa pili, na binti yule ndiye atakayejibu maswali. Kundi la pua limenuna. Nimewaahidi semina ya ndani, saa nzima, bila majaji.

Vipimo vinaanza Jumamosi, kabla ziwa halijafungwa kwa mapumziko ya uvuvi. Tutakuwa mwaloni Kibirizi alfajiri, na venia (kipimo cha kupimia milimita) ya maabara ya fizikia na daftari, kwa makubaliano na mama muuzaji kwamba tunapima tu, hatuchagui wala hatubonyezi samaki wake. Alfajiri kwa sababu jicho la samaki likipigwa na jua hadi saa nne huanza kunywea, na milimita moja ya kunywea inatosha kuharibu grafu nzima.